Kompyuta Imetulia, Data Inakwenda: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Mawasiliano ya Chinichini

Umefunga kila dirisha. Hakuna video, hakuna muziki, hata kivinjari umekizima. Lakini taa za ruta zinachezacheza vilevile, na ukifungua kipimo cha mtandao unaona namba zinapanda na kushuka zenyewe. Wengi wakifika hapa hupuuza. Wengine huingiwa na hofu wakapakua programu ya kwanza ya "kusafisha kompyuta" wanayokutana nayo, na mara nyingine hiyo ndiyo inayoleta ugonjwa ambao haukuwapo.

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa na kosa langu. Nikiona anwani ya IP nisiyoijua (namba inayotambulisha kompyuta kwenye mtandao), nakimbilia kuitafuta: hii ni ya nani, iko nchi gani? Karibu kila mara nilirudi na jibu lilelile, kwamba ni ya kampuni kubwa inayokodisha seva. Uchunguzi ukafa hapo. Swali lenye faida liko upande wa pili wa waya: ndani ya kompyuta yangu, ni programu gani iliyoanzisha mazungumzo haya, na nani aliiwasha? Kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) inayotoka ina mwenyewe. Kwa hiyo hapa tutatoka ndani kwenda nje, na anwani zitasubiri zamu yake.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kompyuta hiyo kweli

Taa ya ruta ni shahidi asiyeaminika. Zima Wi-Fi ya kompyuta au chomoa kebo, kisha itazame tena. Ikiendelea kucheza, mwenye shughuli ni kifaa kingine: simu inayohifadhi picha, televisheni inayojisasisha, kamera ya mlangoni. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari) ukaone orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Baadhi ya ruta huonyesha hata matumizi ya kila kifaa, na hapo utakuwa umejiokolea nusu ya kazi.

Hata ukizima vifaa vyote, taa ya upande wa intaneti inaweza kuendelea kucheza. Usishtuke. Intaneti ina mashine nyingi zinazopita mlango kwa mlango usiku na mchana zikibisha hodi. Anwani zote za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti ambao bado unatumika sana, ni kama bilioni 4.3, idadi inayoonekana kubwa mpaka ujue kwamba mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa zana iitwayo ZMap, yenye uwezo wa kuzipitia zote kwa chini ya dakika 45 kutoka kompyuta moja yenye laini ya gigabiti. Ruta ya kawaida ya nyumbani huzitupa hodi hizo palepale mlangoni, hazifiki kwenye kompyuta yako. Taa inacheza kwa sababu pakiti imefika, hata kama imetupwa.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kushuku

Washa kompyuta upya, kisha iache dakika 15 bila kuigusa. Kuwaka ndiyo saa ya fujo: kila programu inaamka, inauliza kama kuna sasisho, inaoanisha mafaili. Ukipima wakati huo utaona soko, si nyumba. Dakika 15 zikipita, andika jumla ya data iliyoingia na iliyotoka, subiri dakika 10, andika tena. Tofauti ya namba hizo ndiyo mapigo ya moyo ya mashine yako ikiwa imepumzika.

Kwenye Windows, fungua Settings, Network & internet, kisha Data usage (kwenye Windows 11 imefichwa ndani ya Advanced network settings). Hapo utaona pia kila programu imetumia kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Kwenye Mac, fungua Activity Monitor, sehemu ya Network, chini kabisa kuna jumla. Kwenye Linux, amri ya ip -s link inatosha.

Fanya hesabu kidogo. Kilobaiti 1 kwa sekunde, bila kukatika, ni megabaiti 86.4 kwa siku, yaani kama gigabaiti 2.6 kwa mwezi. Anayelipia data kwa kipimo atauhisi mwezi huo. Asiyepimiwa hatajua kitu. Kilobaiti 10 kwa sekunde ni gigabaiti 26. Kwa hiyo "kidogo tu" inayotiririka kutwa si kidogo. Kinyume chake, mruko mkali wa sekunde mbili kila baada ya nusu saa unaogopesha machoni lakini kwa jumla ni kama si kitu.

Angalia vipimo pia. Task Manager huhesabu mtandao kwa biti, Resource Monitor huhesabu kwa baiti, na baiti 1 ni biti 8. Nimeona watu wakibishana jioni nzima kwamba zana moja inadanganya, kumbe wote wawili walikuwa sahihi.

Hatua ya 3: Mpate mwenye mazungumzo

Hii ndiyo hatua yenye uzito. Tuanze na Windows, kisha nitataja mifumo mingine.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, halafu bonyeza kichwa cha safu ya Network ili mwenye matumizi makubwa apande juu. Mara nyingi kesi inaishia hapo: unaona jina la programu ya kuhifadhi mafaili au ya michezo, unacheka, unaifunga. Jina lisipokuambia kitu, bonyeza Windows+R, andika resmon, ingia sehemu ya Network. Resource Monitor ni zana ya zamani isiyo na urembo, ila kwangu haijapata mpinzani katika vile vinavyokuja na Windows. Weka alama ya tiki kwenye programu moja, na jedwali zote za chini zitaonyesha mazungumzo ya programu hiyo peke yake: inaongea na nani, inatuma kiasi gani, inapokea kiasi gani. Panga kwa safu ya Send. Kinachotoka kinaniambia mengi kuliko kinachoingia, maana sasisho huingia, lakini picha zako, na siri zako, hutoka.

Ukitaka kuona mistari yenyewe, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, uandike:

netstat -ano

Utapata mistari ya namna hii:

TCP  192.168.1.23:50412  203.0.113.40:443  ESTABLISHED  4816

Usome kutoka kushoto. Itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, ni TCP. Anwani ya kompyuta yako ndani ya nyumba ni 192.168.1.23, na imetumia poti (mlango wenye namba wa mazungumzo ya mtandao) 50412, ambayo ni namba ya kupita tu, imeokotwa kwa ajili ya mazungumzo haya na itaachwa yakiisha. Usijisumbue kuitafuta namba hiyo. Haina maana yoyote. Upande wa pili ni 203.0.113.40 kwenye poti 443, poti ya mawasiliano ya wavuti yaliyofichwa kwa usimbaji. Mazungumzo yako wazi sasa hivi. Na mwisho, 4816, ndiyo namba tuliyoifuata: kitambulisho cha programu inayoendesha jambo hili. Tumuulize ni nani:

tasklist /svc /fi "PID eq 4816"

Tuseme jibu linakuja: svchost.exe, DoSvc. Wengi wakiona svchost wanakata tamaa, kwa sababu kuna kadhaa wa kadhaa na wote wana jina moja. Svchost ni mwenyeji tu; wapangaji ndio huduma za Windows. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017 linaloitwa 1703, kompyuta yenye kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, ndiyo maana orodha imerefuka, lakini pia ndiyo maana leo unaweza kujua mpangaji ni yupi. DoSvc ni Delivery Optimization. Kazi yake ni kuleta masasisho ya Windows, na pia kuvigawa vipande vya masasisho hayo kwa kompyuta nyingine za mtandao wako, au hata za watu baki kwenye intaneti ikiwa mipangilio inaruhusu. Hutumia poti 7680. Kwa hiyo ule upakiaji wa usiku uliokutia wasiwasi unaweza kuwa ni kompyuta yako inamgawia sasisho mtu usiyemjua. Si wizi, ila hukuulizwa. Fungua Settings, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization. Humo utaona mwezi huu umepakia kiasi gani, na swichi ya kuzima.

Netstat ina mapungufu mawili. Kwanza, inapiga picha moja tu, na programu inayoongea kwa sekunde mbili kisha kunyamaza itakuponyoka. Ongeza namba mwishoni, netstat -ano 5, na itarudia kila sekunde 5 mpaka uikatize kwa Ctrl+C. Pili, kwa UDP, itifaki nyingine inayotuma pakiti bila kufungua muunganisho kwanza, haikuonyeshi upande wa pili. Utaona nyota na nukta pacha tu. Zamani hilo halikuwa tatizo kubwa. Lakini itifaki ya QUIC, iliyopitishwa rasmi kama kiwango mwezi Mei 2021, inasafirisha kurasa za wavuti juu ya UDP, na vivinjari vinaitumia sana. Sehemu nzuri ya mazungumzo ya kivinjari chako netstat haikwambii yanakwenda wapi. Hapo rudi Resource Monitor.

Anayependa orodha inayojisasisha yenyewe atumie TCPView, zana ya bure kutoka Sysinternals, ambayo ni ya Microsoft tangu 2006. Mstari mpya huonekana kwa kijani, unaokufa kwa nyekundu. Kuitazama kwa dakika tano kunafundisha kuliko makala nyingi, hii ikiwemo.

Kwenye Mac, Activity Monitor inapanga programu kwa Sent Bytes. Kwenye dirisha la amri, nettop inaonyesha mambo yanavyokwenda, na sudo lsof -i -n -P inatoa orodha ya nani ameshika poti gani. Kwenye Linux, sudo ss -tunap ndiyo ndugu ya netstat, na nethogs inaonyesha kasi ya kila programu.

Hatua ya 4: Chuja yasiyokuhusu

Orodha ya mara ya kwanza huwa ndefu, na sehemu kubwa yake haijatoka hata nje ya nyumba.

Kila mstari wenye 127.0.0.1 au ::1 ni kompyuta inajisemesha yenyewe. Programu mbili za ndani zinapeana ujumbe. Uache. Mstari wa LISTENING ni mlango uliofunguliwa kusubiri wageni, bado hakuna aliyeingia. TIME_WAIT ni mazungumzo yaliyokwisha, mfumo unasubiri kidogo kabla ya kufuta kumbukumbu, na Windows huyaandikia namba 0 kwa sababu hayana mwenyewe tena. CLOSE_WAIT nyingi za programu moja ni dalili ya programu iliyoandikwa kizembe: upande wa pili umeshaaga, yenyewe haijakata simu. SYN_SENT maana yake kompyuta yako imebisha hodi na haijajibiwa. Moja au mbili si neno, lakini kadhaa zikielekea anwani tofauti tofauti kwa wakati mmoja, simama hapo, tutarudi.

Anwani zinazoanza na 10, au 192.168, au kuanzia 172.16 hadi 172.31, ni za mitandao ya ndani. Zinazoanza na 169.254 kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuipa. Halafu kuna salamu za jirani kwa jirani, ambazo humshangaza kila anayeanza: 224.0.0.251 kwenye poti 5353 ni vifaa vinavyotajiana majina, ndivyo kompyuta inavyoiona printa bila wewe kuandika anwani. 239.255.255.250 kwenye poti 1900 ni televisheni na spika zinajitangaza. 224.0.0.252 kwenye poti 5355 ni Windows inauliza majina kwa majirani. Hizi zote hazivuki ruta, wala hazili data yako ya intaneti. Ndizo pia zinazofanya taa zicheze hata nyumba nzima ikilala.

Hatua ya 5: Wajue wakazi wa kawaida

Baada ya kuchuja, waliobaki wengi ni watu wa nyumbani. Windows, ili ijue kama kuna intaneti, huomba faili dogo kwenye www.msftconnecttest.com na kutegemea kusoma maneno "Microsoft Connect Test". Yasipokuja, ndipo ile alama ya kukosa intaneti inapotokea. Mac na iPhone hufanya vivyo hivyo kwa captive.apple.com. Saa husahihishwa kupitia poti 123 ya UDP. Majina ya tovuti huulizwa kwa DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, kupitia poti 53, au 853 yakiwa yamesimbwa. Vifaa vya Apple hushikilia muunganisho mmoja wa muda mrefu kwenye poti 5223 kwa ajili ya arifa. Linux yenye snap (mfumo wa kuweka programu) huangalia masasisho mara nne kwa siku. Programu ya kuzuia virusi nayo ina mazungumzo yake, na mengi.

Vivinjari ni sura peke yake. Chrome na jamaa zake zinaweza kubaki zikifanya kazi baada ya dirisha la mwisho kufungwa. Kwenye mipangilio, sehemu ya System, kuna swichi inayozuia hilo. Kivinjari kikiwa wazi, Shift+Esc inafungua orodha ya ndani ya Chrome, na hapo unaona kama mwenye kelele ni kichupo kimoja au ni kiongezi ulichokisahau. Kwa miaka kadhaa Chrome ilikuwa na tabia iliyowatia watu wazimu: ikianza tu, inauliza majina matatu yasiyo na maana, herufi zilizookotwa ovyo. Aliyeyaona kwenye kumbukumbu ya DNS aliapa kwamba ni virusi. Kumbe kivinjari kilikuwa kinajaribu kama mtandao unajibu kwa uongo majina yasiyokuwepo. Mwaka 2020 uchambuzi kutoka kampuni ya Verisign ulionyesha kwamba majaribio hayo yalikuwa yamefikia karibu nusu ya maswali yote yanayofika kwenye seva mama za DNS duniani, na Chrome ikabadilishwa. Mimi huikumbuka habari hiyo kila ninapoona jina la ajabu. Ajabu si lazima iwe adui.

Hatua ya 6: Sasa anwani

Mwenyewe akishajulikana, anwani inaweza kuongeza neno. Amri ya nslookup ikifuatiwa na anwani hujaribu kukupa jina. Ukiona linaishia na 1e100.net, ni Google: 1e100 ni namba moja yenye sifuri 100 nyuma yake, googol, neno lililozaa jina la kampuni. Ukiona Akamai, Cloudflare, Fastly au Amazon, kampuni zinazowahifadhia wengi kwenye seva zao, umejua jengo tu, hujamjua mpangaji. Tovuti ya benki na seva ya mhalifu zinaweza kukaa kwenye jengo moja, ghorofa moja. Na ramani zinazodai kuonyesha anwani iko mji gani zichukue kama tetesi.

Wenye hamu zaidi waingie Wireshark, zana iliyoanzishwa na Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal na kubadilishwa jina mwaka 2006. Chagua kadi ya mtandao unayotumia, nasa dakika chache, kisha kwenye sanduku la kuchuja andika dns uone majina yaliyoulizwa, au tls.handshake.type == 1 uone salamu za kwanza za mazungumzo yaliyosimbwa; ndani yake mara nyingi jina la seva husomeka wazi ingawa yanayofuata yamefungwa. Menyu ya Statistics, Conversations, inajumlisha nani kaongea na nani kiasi gani. Lakini tahadhari: Wireshark huona waya, haioni programu. Inakuonyesha bahasha bila kukwambia nani ndani ya nyumba aliyeiandika, ndiyo maana nimeiweka mbali hivi.

Hatua ya 7: Mgeni asiyejulikana

Basi umebakiwa na programu usiyoijua, inayotuma, na haimo katika wakazi wa kawaida. Nitasimulia moja niliyokutana nayo kwa macho yangu. Kompyuta ya binamu yangu ilikuwa inapakia usiku kucha, si kwa kasi, kilobaiti 30 au 40 kwa sekunde, kwenda anwani nyingi zinazobadilika kila dakika. Kizuia virusi kilisema salama. Jina la programu halikuwa la kutisha, na ilikuwa na sahihi halali ya kidijitali. Kwenye Task Manager nilibonyeza kitufe cha kulia, nikachagua Open file location, na folda ikafunguka ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya programu za mtumiaji. Nikatazama tarehe ya folda. Siku hiyohiyo binamu alikuwa ameweka programu ya bure ya kubadilisha mafaili ya video. Tuliposoma yale masharti ambayo hakuna anayeyasoma, yalikuwemo: kwa kuitumia bure, unakubali wengine watumie "sehemu ya intaneti usiyoitumia". Watu wasiojulikana walikuwa wanapita kwenye laini yake, na chochote walichofanya kilionekana kimetoka kwake. Tukaiondoa, namba zikashuka usiku huohuo.

Biashara ya namna hiyo ina upande mbaya zaidi. Mwezi Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao uitwao 911 S5, uliokuwa umehusishwa na anwani za IP zaidi ya milioni 19 duniani. Kompyuta za watu ziliingizwa humo kupitia, pamoja na njia nyingine, programu za VPN za bure.

Ukiishuku programu, ifanyie mahojiano kwa mpangilio huu. Faili liko folda gani? Svchost halisi hukaa C:\Windows\System32. Ukimkuta kwenye Downloads au Temp, si yeye. Lina sahihi, na ni ya nani? Bonyeza Properties, Digital Signatures, ila kumbuka kisa cha binamu: sahihi inathibitisha jina la mwenye faili, haithibitishi nia yake. Liliwekwa lini, na siku hiyo uliweka nini? Nani analiwasha? Hapa Autoruns, nayo ya Sysinternals, haina mfano: inaorodhesha kila kitu kinachojiwasha, pamoja na kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler ambako wadudu wengi hupenda kujificha.

Ukitaka maoni ya nje, chukua alama ya faili (hash, kama alama ya kidole) kwa PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows: Get-FileHash ikifuatiwa na njia ya faili, kisha utafute alama hiyo kwenye VirusTotal, tovuti inayopima mafaili kwa vizuia virusi vingi. Tafuta alama, usipakie faili lenyewe kama linaweza kuwa na mambo yako binafsi. Linalopakiwa pale huonekana na wengine.

Dalili zinazonifanya nichomoe kebo kwanza na kuuliza baadaye ni chache: SYN_SENT nyingi kuelekea anwani tofauti, yaani mashine yako ndiyo sasa inabisha hodi kwa watu, programu isiyo ya barua pepe inayotuma kwenye poti 25, prosesa inayochemka huku kuna muunganisho wa kudumu kwenye poti kama 3333, ambazo wachimbaji wa sarafu za kidijitali huzipenda, mipangilio ya DNS au proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano) iliyobadilika bila wewe kuigusa, na programu inayorudi kila unapoifuta.

Ukithibitisha, usiandike tena nenosiri lolote kwenye kompyuta hiyo. Badilisha manenosiri kwa kifaa kingine, ukianza na barua pepe. Fanya ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao huwasha kompyuta nje ya Windows ya kawaida ili mdudu asipate nafasi ya kujificha. Ikiwa bado una shaka, hifadhi nyaraka zako, futa diski na uweke mfumo upya. Inauma lakini inaisha. Na ujue kwamba kompyuta iliyoingiliwa vibaya inaweza kukudanganya hata kwenye netstat. Ikisema imenyamaza huku ruta inahesabu megabaiti zinazotoka kwake, iamini ruta.

Hatua ya 8: Kupunguza, bila kuvunja

Mara nyingi hakuna mhalifu, kuna wenyeji walafi tu. Kwenye Windows, ingia kwenye mtandao unaotumia na uwashe Metered connection: masasisho mengi na programu nyingi zitajizuia. Programu za kuhifadhi mafaili zipe kikomo cha kasi au saa za kufanyia kazi. Zinazojiwasha bila sababu zizime kwenye Startup apps.

Kwa programu moja unayoitilia shaka kidogo, ukuta wa moto (firewall) ni maabara nzuri. Iwekee kanuni ya kuizuia isitoke nje, kisha ishi nayo siku mbili uone nini kinalalamika. Kisicholalamikiwa na yeyote hakikuwa na umuhimu. Ila usithubutu kuzuia svchost kwa jumla. Utapoteza masasisho, saa, pengine hata majina ya tovuti, na utatumia wikiendi kutafuta kosa ulilolifanya mwenyewe.

Kitu kimoja zaidi, kwa wale wanaosema "lakini ilikuwa imelala". Laptopu nyingi za siku hizi zikifunikwa hazilali usingizi wa zamani. Kwenye Windows yenye Modern Standby, na kwenye Mac yenye Power Nap, mashine hufumbua jicho moja mara kwa mara, ikavuta barua na masasisho, ikafumba tena. Kama hutaki, tumia Hibernate au izime kabisa.

Baada ya kila badiliko rudia kipimo cha hatua ya 2: dakika 15 za kutulia, dakika 10 za kupima. Andika tarehe na namba kwenye faili moja, pamoja na ulichobadilisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilichofanya kazi. Sasisho kubwa la mfumo likipita, pima tena, maana swichi ulizozima zina tabia ya kujiwasha.